Nani Alipanda Mwisho Kwenye Meli

Filamu ilipokaribia kuisha, pale ambapo muziki unaanza kupanda na kapteni anageuka polepole kumtazama mtu aliye nyuma yake, Mama Ploti alibonyeza rimoti na picha ikasimama. Kapteni alibaki hapo hapo, shingo imepinda, mdomo wazi, nyota zimeganda dirishani. Mama Ploti aliilaza rimoti mapajani, akatuzungushia macho mmoja mmoja, akasema neno moja.

"Semeni."

Basi tulisema. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba yake kule Gitothua, mjini Ruiru, kila Jumapili baada ya kanisa. Kila mpangaji alimtaja yule anayemshuku kuwa ndiye msaliti, au roboti, au marehemu aliyerudi, au chochote kile ambacho filamu ilikuwa imekificha. Kusema "sijui" hakukuruhusiwa. Mama Ploti mwenyewe alisema mwisho. Kisha alibonyeza tena, kapteni akamaliza kugeuka, na wote waliokosea wakainuka kwenda bombani kuosha vikombe vya chai vya ploti nzima.

Nimeona mengi. Nimefunga mitambo ya baridi kwenye majengo ya Ghuba ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka. Nimeketi na wahandisi wa nchi saba, na wengine wao waliniuliza mimi swali. Lakini sijaona tena mtu aliyeijua kazi yake kama yule mwanamke alivyozijua filamu za meli za angani. Katika muda wote nilioishi kwake alikosea mbele yangu mara moja tu, na siku hiyo mimi nilipata. Nilikuwa nikiisimulia siku hiyo huko Ghuba kama wengine wanavyosimulia bao walilofunga shuleni.

Jina lake silitaji. Sisi wapangaji tulimwita Mama Ploti kwa sababu ploti ilikuwa yake: vyumba kumi vya mawe vilivyotazamana, uwanja wa saruji katikati, kisima nyuma, na nyumba yake karibu na geti ili aone anayeingia na anayetoka. Funguo zote za pale alizivaa shingoni kwa kamba ya viatu. Alipokuja ulizisikia kabla hujamwona, na mtu aliyekuwa akimwaga maji ovyo alipata nafasi ya kufunga bomba.

Juu ya maji hakuwa na utani. Aliweza kusimama mlangoni pako asubuhi na kukuuliza, bila kukusalimia, kama shati moja linahitaji makarai mawili. Lakini Jumapili hiyo hiyo angekupikia chai ya maziwa matupu, akakukatia mkate mnene, na ukisema umeshiba akuulize umeshibia wapi. Watu hawa wawili waliishi ndani ya koti moja la sufu la kijani, ambalo hakulivua hata kwenye jua la Januari.

Filamu alizinunua mwenyewe mjini Thika, kwa kijana mmoja aliyeuza diski karibu na soko. Alitaka za meli za angani tu. Kijana aliwahi kumpa ya mapenzi kwa makosa. Aliirudisha Jumatatu, akamwambia, "Hawa wawili wataoana. Ningejua ni hivyo, ningeenda harusini nikale wali."

Nilimuuliza mara moja kwa nini anapenda za anga wakati hata lifti anaiogopa. Ni kweli aliiogopa. Hospitalini alipanda ngazi hadi orofa ya nne akiwa na maumivu ya goti, na ni goti hilo hilo alilokuwa amepeleka litibiwe. Akanijibu kwamba meli ya angani ni kama ploti. "Watu hawajuani, wamefungiwa pamoja, maji ni ya kupimiwa, na hakuna anayeweza kutoka nje aende kwao. Hapo ndipo utajua tabia."

Alikuwa na kanuni zake, na alizitoa bila haraka huku akichovya mkate. Baharia akitoa picha ya mtoto wake na kuwaonyesha wenzake, mtoeni kwenye hesabu, hafiki. Kapteni akitangazwa amekufa na hamjaonyeshwa maiti, mwekeeni chakula, atarudi. Daktari ambaye haonekani akila ni mashine. Sauti inayoomba msaada kutoka mbali ni sauti yao wenyewe, wamezunguka wamerudi walikotoka. Na ile sayari ya ajabu yenye mabomoko, wanayoitembea kwa woga saa nzima, ni hii yetu. Hiyo ya mwisho aliichukia. "Wametembea hivyo vyote kuja kuona Ruiru," alisema.

Ukimsikiliza ungedhani ni rahisi. Haikuwa rahisi, kwa sababu alijua pia lini kanuni inavunjwa. Kulikuwa na filamu moja yenye daktari asiyekula, na sote tukapiga kelele kwamba ni mashine. Mama Ploti akatikisa kichwa. "Huyu amefunga," akasema. "Ana mgonjwa." Na kweli, dakika chache baadaye tukaonyeshwa mke wake amelala ndani ya kioo. Baba Shiru, mwashi wa chumba cha nne, mtu mwenye sauti ya kuita lori, alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mama, wewe uliandika hii kitu."

Siku nyingine diski ilikuwa na mikwaruzo. Ilifika mahali pabaya zaidi, meli inaanguka na mlango umekwama, ikaanza kurudia neno moja la kapteni kama mtu mwenye kwikwi. Tuliifuta kwa shati, tukaifuta kwa dawa ya meno, wapi. Watu walianza kuinuka. Mama Ploti akasema kila mtu akae. Akaweka kikombe chini, akaimalizia filamu yeye mwenyewe kwa mdomo: nani alifungua mlango, nani alibaki nyuma ili wengine watoke, na aliyebaki alisema nini. Mama Kevo wa chumba cha pili, aliyeuza nguo za mitumba na ambaye sikuwahi kumwona akilegea kwa bei, alilia waziwazi. Mwezi uliofuata nilipata diski nzima na nikaitazama peke yangu. Alikuwa sawa kila mahali isipokuwa maneno ya yule aliyebaki. Maneno ya Mama Ploti yalikuwa mazuri zaidi.

Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani, mkali juu ya nyimbo zinazoimbwa kwa haraka. Mchungaji alikuja Jumapili moja bila kutarajiwa na kumkuta mbele ya kiumbe chenye macho matatu. Alikaa ukingoni mwa kiti. Baadaye akasema kwa upole kwamba ana wasiwasi kidogo na mambo haya.

"Mchungaji," Mama Ploti akamwambia, "si tunasema Mungu aliumba vinavyoonekana na visivyoonekana?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hawa ni wale wasioonekana umeme ukikatika, mpaka stima irudi. Kunywa chai."

Alikunywa. Picha iliposimama na neno likatolewa, mchungaji naye alilazimika kusema. Alimtaja mpishi wa meli. Alikosea, na niliona kwa macho yangu mtumishi wa Mungu amekunja mikono ya shati bombani, akisuuza vikombe na Baba Shiru.

Sasa niseme kuhusu nilivyofika pale, kwa sababu sikuzaliwa na haya niliyo nayo. Nilitoka Ngoliba, kwenye mashamba makavu ambako mtu hupanda mahindi na kuangalia juu. Kiwanda kimoja cha matunda katika Eneo la Viwanda la Thika kilinipa kazi ya kusukuma makreti. Jioni nilisoma kozi ya diploma ya mitambo ya baridi. Nilichagua baridi kwa sababu ndani ya kile kiwanda aliyeheshimiwa kuliko meneja alikuwa fundi wa chumba cha baridi. Alipoumwa, kila mtu aliumwa. Nikasema huyo nitakuwa mimi. Nimekuwa. Najisifu kwa sababu hakuna atakayenisifu vizuri kama mimi.

Kule kwa Mama Ploti nilikuwa mpangaji mgeni kuliko wote. Niliondoka alfajiri, nikarudi watu wameshakula. Sikuwa na maneno. Nilikuwa na mkoba mmoja wa chuma wenye kufuli, nao ulikuwa na vifaa vyangu vya kozi, vya kuazima, na ndiyo maana niliufunga. Sikuwa nimemaliza miezi mitatu kwake wakati pampu ya kisima ilipoibwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuta kibanda cha pampu kiko wazi, kufuli limekatwa, mabomba yananing'inia. Kwa ploti kama ile hilo ni jambo kubwa. Maji ya kununua kwa mkokoteni yangewala watu wote pesa mpaka mwisho wa mwezi. Wapangaji walikusanyika uwanjani na madumu matupu, na kila mtu aliuliza ni nani, mpaka Baba Shiru akasema, kama mzaha:

"Si ni kama kwa filamu tu. Nani alipanda mwisho?"

Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha na macho yakabaki kwangu.

Lazima uelewe watu hawa walikuwa wamefundishwa. Jumapili baada ya Jumapili walikuwa wameambiwa, na wakaona kwa macho, kwamba aliyepanda meli mwisho, asiyeongea, asiye na ndugu anayetajwa, mwenye mzigo uliofungwa, huyo ndiye. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanafunzi wazuri.

"Anarudi usiku kila siku," akasema mtu.

"Na ule mkoba," akasema Mama Kevo. "Ule mkoba una nini, kijana?"

"Vifaa," nikasema.

"Vifaa vya kukata nini?"

Niligeukia mlango wa chumba changu, kwa sababu ndani ya mkoba kulikuwa na msumeno wa chuma na kikata bomba, na fundi yeyote wa baridi anavyo. Nilijua wakiufungua nimekwisha. Baba Shiru hakuwa akitania tena. Alisema nitoe vitu vyangu kabla ya saa sita, na wengine wakaitikia. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa wiki iliyofuata. Sikuwa na mahali pengine pa kulala upande huu wa Thika. Ningerudi Ngoliba na jina la mwizi, na diploma ingeishia hapo.

Tukasikia funguo. Mama Ploti alikuja na koti lake la kijani, akatazama kibanda, akatazama mabomba, akatutazama sisi. Mtu akamweleza mazungumzo yamefika wapi.

"Baba Shiru," akasema, "nani amesema ni huyu?"

"Mama, ni wewe umetufundisha. Yule wa mwisho."

"Nilisema kwa filamu."

"Si ni watu tu, Mama. Huko na huku."

"Ile filamu kuna mtu aliiandika," akasema. "Ana saa moja tu, anataka kwenda kulala. Lazima apate mtu wa kutupia mambo, na anamtupia yule hamjamzoea, ili msihuzunike. Hii ya hapa nani ameiandika?"

Akaninyooshea kidole.

"Huyu hatoki."

Akaja mbele yangu. Sikuweza kumtazama. Alitoa kamba shingoni, akahangaika na fundo, akatenga ufunguo mmoja mdogo mpya. Ulikuwa wa kufuli alilokuwa ametuma linunuliwe mara tu alipopewa habari asubuhi ile. Akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba pampu nyingine itakuja Jumatatu na kwamba mimi ndiye nitakayeifunga na kuitunza, kwa kuwa nasomea mitambo. Ufunguo wa kibanda utakaa kwangu.

Nilifunga pampu ile. Nilifanya mtihani, na nilipita vizuri, si kwa kubahatisha. Mwizi hajajulikana hadi leo. Nasema mapema ili usikae ukimngoja. Baba Shiru alianza kuniita Fundi, nikamwita Mzee, na baada ya muda tukawa tunaazimana sukari.

Alikosea Jumapili iliyofuata wizi ule. Filamu ilikuwa ya meli iliyomwokota mwanamke kwenye chombo kilichopotea. Mtoto wa miaka mitano angejua ni yeye. Wote tulimtaja, hata mimi, na kwa aibu kidogo. Mama Ploti akasema, "Si yeye." Ilikuwa ni yeye. Mama Ploti akainuka, akakusanya vikombe, akaenda bombani. Tulidhani amechoka na mambo ya pampu. Mimi niliweka moyoni kwamba nimemshinda. Baada ya hapo kiwanda kilinipa zamu za usiku wa Jumamosi, na nikawa nazisikia filamu zake kutoka kitandani tu, mpaka nilipopata kazi ya Ghuba.

Siku niliyosafiri alinisindikiza hadi getini na kunipa ushauri mmoja. "Huko kwa ndege, usikae karibu na mtu anayetoa picha ya mtoto." Nilicheka hadi uwanja wa ndege. Tulipokuwa juu ya mawingu, jirani yangu, mtu mnene mwenye furaha, akachomoa simu na kunionyesha binti yake mwenye meno mawili. Sikuonja chakula. Kila mtikisiko nilimtazama yule mtu kama namuaga. Tulitua salama na akanikumbatia. Nilipompigia Mama Ploti kumweleza, alisema, "Basi hiyo ilikuwa safari ya kweli."

Nimerudi. Nina vyumba vya baridi viwili Ruiru, karibu na barabara kuu, ambavyo wauza maua na wauza nyama wanavipigania. Nina vijana sita chini yangu, na nyumba ya orofa niliyoichora mwenyewe. Mwaka huu, Jumapili moja, nilivaa suti nikampelekea Mama Ploti televisheni ya kujaza ukuta.

Alikuwa kwenye kiti kile kile, koti lile lile, miguu imevimba. Wapangaji sasa wanamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Alinitazama kuanzia viatu.

"Diploma," akasema, kwa jina alilonipa nilipopita mtihani. "Umenenepa."

"Ni kazi nzuri, Mama."

"Ni mkate. Kaa chini."

Vijana wangu walipokuwa wakifunga televisheni, nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote. Nilikuwa nimelijibu mwenyewe mara nyingi: kwamba jicho lile lililomwona daktari amefunga ndilo lililoniona mimi. Nilitaka tu alithibitishe.

"Mama, siku ile ya pampu. Ulijuaje si mimi?"

"Sikujua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Nimesikia. Sikujua. Ulikuwa unaingia usiku na mkoba. Ningejuaje?"

"Na ukanipa ufunguo."

"Ningekupa nini?" Akachovya mkate. "Filamu naweza kujua. Mtu ana njia nyingi."

"Na kama ningeiba ya pili?"

"Tungekunywa maji ya mkokoteni," akasema, akaomba aongezewe chai.

Nikammiminia. Filamu ikaanza. Meli kubwa, mabaharia wachache, na mwanamume mmoja waliyempakia kwenye kituo cha mwisho, mkimya, mwenye kasha ambalo hakuliachia hata akilala. Kando yangu alikaa msichana mpangaji anayesomea uuguzi. Picha iliposimama, akaninong'onezea huku akitabasamu.

"Leo Cucu ataosha."

"Yeye? Huwa hakosei."

"Hakosei kingine chochote. Lakini msaliti akiwa ni mgeni, hamtaji. Hata iwe wazi namna gani. Tumemzoea."

"Tangu lini?"

"Nilimkuta hivyo. Wa zamani wanasema kulikuwa na maneno ya pampu hapa."

"Semeni," akasema Mama Ploti.

Walisema, mmoja mmoja, na wote walimtaja yule mwanamume na kasha lake. Zamu ikanifikia. Nilimtazama pale kwenye ukuta, mkubwa kama mlango, mkono wake tayari uko kwenye kufuli. Mtoto angejua.

"Si yeye," nikasema.

Wakacheka sana. Mmoja akauliza kama huko Ghuba hakuna televisheni. Mama Ploti hakucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akageukia picha.

"Si yeye," akasema naye, na kubonyeza.

Kasha likafunguliwa. Ilikuwa bunduki. Chumba kikapiga makofi.

Nilimshika Mama Ploti mkono hadi bombani, nikamwekea kigoda, nikavua koti la suti na kulitundika kwenye mlango wa kibanda cha pampu. Pampu ilikuwa bado ile yangu. Nilijua kwa sauti. Alinipa sabuni. Tuliosha vikombe vitatu au vinne.

"Ulijua ni yeye," akasema.

"Nilijua, Mama."

"Hata mimi." Akanipokonya kikombe, akakichungulia ndani, akanirudishia. "Sugua chini. Huko ndiko majani hushika."